Waridi la Karibu na Bomba

Walisema nitarudi Nairobi kabla mvua hazijaanza. Walisema kamera yangu itakula majani. Sajini Otim, rafiki wa marehemu baba yangu, alisema mbele ya watu kwenye kantini ya askari pale Naguru, hapa Kampala, kwamba amewaona watu wengi wakilipa kupigwa picha, lakini bado hajaona ua likiingiza mkono mfukoni. Kantini nzima ilicheka. Na mimi nikacheka nao ili wasiutazame sana uso wangu.

Naanzia hapo, mwanangu, kwa sababu jana uliniuliza kwa nini picha zangu za maua zina uhai na zako zimelala, ilhali tunatumia programu ile ile na wewe una kompyuta nzuri kuliko zangu zote za zamani. Jibu lake halikuanzia kwenye kompyuta. Kaa, nikueleze polepole.

Unanijua nilivyo leo. Picha zangu zimetundikwa kwenye hoteli, kwenye ofisi za mawakili, na kwenye sebule za watu ambao sitawataja maana utasema najisifu. Najisifu, ndiyo. Sikurithi studio kwa mtu. Wakati ninaouzungumzia nilikuwa kijana aliyeshuka basi kutoka Nairobi na begi moja, kamera moja, na stashahada ya upigaji picha na usanifu ambayo niliitia fremu kabla sijanunua kitanda.

Nilikuwa na wazo ambalo hapa Kampala sikuwa nimeona mtu akilifanya. Wenzangu walipiga picha za arusi, za mahafali na za pasipoti. Mimi nilitaka kupiga picha ya ua, niihariri kwenye kompyuta mpaka ionekane kama imechorwa kwa brashi na rangi ya mafuta, kisha niichape kwenye kitambaa cha kanvasi. Mtu akiwa mbali aone ua. Akisogea aone mikwaruzo ya brashi. Chuoni nilipata alama za juu kwa kazi hiyo, na kila mtu aliyenisogelea nilimwambia hivyo, aulize asiulize.

Vifaa sikuwa navyo. Kila nilichoshika kilikuwa cha kuazima. Kompyuta ilikuwa ya Baraka, Mkongomani wa Bukavu aliyeuza vitenge katika soko la Nakawa. Aliitumia kidogo asubuhi, halafu akaniachia niketi nyuma ya vitenge vyake, chini ya turubai la rangi ya chungwa lililofunika kibanda chote. Mashine ya kuchapia ilikuwa ya Hajji Sulaimani, aliyechapa kadi za arusi na mabango kule Kibuli, mteremko mmoja kutoka msikitini. Yeye alinipa vipande vya kanvasi vilivyobaki kwenye kazi za wateja wake. Na chumba nilicholala, pamoja na maua yenyewe, vilikuwa vya Mama Lakot.

Mama Lakot alikuwa mjane wa askari aliyefanya kazi na baba. Lakot ndiye binti yake wa pekee, aliyeolewa Gulu. Nilipokosa pa kulala, yule mama alinifungulia chumba cha nyuma bila kuniuliza nitakaa muda gani. Mbele ya nyumba yake, kati ya mlango na bomba la maji la uani, palikuwa na mawaridi ambayo mumewe aliyapanda kwa mikono yake, mekundu ya kukoza, na nyuma yake uzio wa majani mazito ya kijani. Kamera yangu ilishiba pale.

Lakini macho ya Mama Lakot yalikuwa yanakwisha. Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba dawa zingelinda kilichobaki, ila kilichokwenda kimekwenda. Kila asubuhi alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye mwimo, akatazama uani kulitafuta bomba.

"Bomba iko," aliniambia, kwa sauti ya askari anayetoa ripoti. Basi nikajua siku imeanza vizuri.

Nakumbuka vema asubuhi ambayo ripoti ilichelewa. Nilikuwa napiga mswaki uani. Alisimama pale mlangoni muda mrefu, akageuza kichwa huku na huku kama kuku anayesikiliza.

"Okello," akasema, "bomba iko?"

"Iko, Mama. Niko karibu nayo."

"Basi ni mimi ndio siko."

Akakaa kwenye kizingiti. Ndipo aliponiambia kwamba Lakot anakuja kumchukua Jumamosi ya wiki inayofuata, kwa lori, na vitu vyote. Nyumba ingerudishwa, apewe askari mwingine mwenye watoto.

"Maua haiwezi kupanda lori," akasema. "Nipigie picha. Kubwa. Nataka kuona hii maua ya mzee mara moja tena, nipeleke Gulu. Na wewe usinidanganye na mimi sitakudanganya. Kama sioni, nitasema sioni."

"Mama, hiyo ni kazi ndogo," nikamjibu. "Nina stashahada ya kazi hiyo."

Nikikumbuka jibu hilo hata leo masikio yanawaka.

Nilipiga picha mchana, jua likiwa katikati ya utosi, nikakimbilia Nakawa. Nikafungua programu, nikatoa ile amri inayogeuza picha kuwa mchoro. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wewe unapokwama. Amri ile ya brashi hulainisha kila kitu. Vile vivuli vidogo vinavyotenganisha petali na petali hufutika, na picha hupoa. Nilipoiona imepoa nikafanya kile unachokifanya wewe: nikavuta ukolezo wa rangi mpaka mwisho. Nyekundu juu, kijani juu, udongo juu. Nikaongeza na kontrasti, ule utofauti wa mwanga na giza, kwenye picha nzima kwa mkupuo mmoja, mpaka weusi ukawa mweusi kabisa.

Baraka alichungulia kati ya vitenge viwili. "Eh, Diploma," akasema, maana hilo ndilo jina alilonipa, "hii ni muzuri. Hata nyuki atadanganyika."

Nikaamini. Kwani nani hapendi kusifiwa?

Kibuli, kanvasi ilipotoka kwenye mashine, Hajji aliitazama, akakuna ndevu. Yeye ni Muganda, kila mwanamume kwake ni ssebo, yaani bwana, na r na l kwake ni ndugu. "Okello ssebo, hii langi uliiona wapi?"

Mawaridi yalikuwa yamegeuka moto wa mkaa, majani yamekuwa na unjano wa ugonjwa, na picha nzima ilikuwa nzito, imezama gizani. Kwenye kompyuta haikuwa hivyo hata kidogo.

"Mashine yako imekosea, Hajji," nikasema.

"Mashine yangu inachapa kadi ya alusi kila siku," akajibu taratibu. "Hakuna bwana-alusi amelalamika."

Niliibeba vilevile. Nilijiambia macho ya mgonjwa yanahitaji rangi kali, na kali kuliko hiyo hakuna. Mama Lakot aliipokea, akatoka nayo juani, akaisogeza puani, akaiondoa, akaigeuza.

"Hii ni blanketi ya polisi," akasema.

Wewe hukukulia kambini, kwa hiyo nikueleze: blanketi la polisi ni la kijivu, kijivu kitupu, halina mbele wala nyuma. Nilianza kumbishia. Nikamwambia haya hapa ni mekundu, na haya hapa ni ya kijani, na rangi nimeiweka mpaka mwisho. Aliniacha nimalize. Kisha akaishusha picha magotini.

"Kwa kantini, jioni, wakati wote wanaongea pamoja, wewe unasikia nani?"

"Simsikii mtu, Mama."

"Hapa ni kantini. Maua inapiga kelele, majani inapiga kelele, hata udongo. Ni kama wewe na ile karatasi yako ya ukutani. Unataka watu waone Okello. Mimi nilikuomba maua."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningepata pa kujishikia. Niliingia chumbani kwangu, nikaiona ile fremu ukutani, nikatoka tena.

Kuanzia hapo, mwanangu, siku zikaanza kunibana. Hajji alinipigia simu akasema amebakiwa na kipande kimoja tu cha kanvasi cha ukubwa ule, na mzigo mwingine hautafika kabla ya lori la Lakot. Mawingu yalikuwa yanajikusanya kila alasiri, na waridi lililofunguka sana mvua ya Kampala hulimwaga chini kwa dakika chache. Na kila asubuhi nilijikuta nimeamka kabla ya Mama, nimelala macho wazi nikisubiri mlango ufunguke, nikisubiri ripoti. Siku moja bomba liko. Siku ya pili halipo. Siku ya tatu alisema, "Iko, lakini imevaa moshi." Nilianza kuogopa kwamba nitamaliza picha nzuri siku moja baada ya macho yake kufunga.

Sajini Otim alinikuta kwenye kona ya kantini. "Nasikia unachorea kipofu picha," akasema. "Kazi nzuri. Mteja hawezi kulalamika."

"Hajawa kipofu," nikasema.

Nilirudi chini ya turubai la Baraka, nikaifungua ile picha, nikaitazama. Bado ilinipendeza. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nikawa nalirudia lile neno kichwani, blanketi ya polisi, blanketi ya polisi, mpaka mkono wangu ukafanya jambo ambalo nililijua tangu mwaka wa kwanza chuoni: nikaondoa rangi yote, picha ibaki nyeusi na nyeupe.

Mawaridi yakapotea.

Nakwambia yalipotea. Nilijua yalipo, nikayatafuta, nisiyapate. Nyekundu ile ya kukoza na kijani kile kizito vilikuwa na mwanga sawasawa, hivyo rangi ilipoondoka kikabaki kijivu na kijivu. Alichokiona Mama Lakot juani ndicho nilichokuwa nakiona mimi sasa kwenye kioo cha kompyuta. Macho yake yalikuwa yameanza kusahau rangi, lakini mwanga na giza yalikuwa bado yanavijua, na mimi sikuwa nimempa vitu hivyo.

Nilikuwa nimelisoma somo hilo. Niliulizwa kwenye mtihani, nikajibu, nikapewa alama, nikalisahau kwenye basi la kurudi nyumbani. Sikufundishwa vibaya. Karatasi ilikuwa sahihi, mwenye karatasi ndiye alikuwa na haraka ya kuonekana.

Nilipokuwa nimeinamisha kichwa, mama mmoja mteja alikuja kumgombeza Baraka. Alirudisha kitenge, akisema hapa kibandani kilikuwa na rangi ya malai, nyumbani kimekuwa cheupe. Baraka akaapa kwamba kitenge ni kile kile. Nikainua macho. Nikaliona turubai. Nilitazama mikono yangu, ilikuwa ya chungwa. Nilitazama meza, ya chungwa. Mchana kutwa macho yangu yalikuwa yanazoea mwanga ule, basi kila picha niliyoifungua niliiona baridi, ya kibuluu, nami nikaipasha moto kwa njano na nyekundu. Tena kule nyuma ya vitenge kuna giza, kwa hiyo kioo kilionekana kinang'aa kuliko haki yake, nami nikaizamisha picha. Hajji na mashine yake hawakuwa na kosa lolote.

"Baraka," nikasema, "naomba niihamishe kompyuta, niende nayo Naguru."

Akaangalia lile dude. Ilikuwa moja ya zile za zamani, zenye kisogo kirefu kama televisheni. "Kwa boda?"

"Kwa boda."

Kisha akanifungia mwenyewe kwa kitenge, akaifunga na mimi pamoja, kama mama anayebebeshwa mtoto kifuani. "Diploma," akasema, "hii ikianguka, usirudi hapa. Endelea tu mupaka Nairobi."

Sijawahi kuomba Mungu kwenye boda kama siku hiyo. Kila shimo lilipita ndani ya mbavu zangu. Nikaifikisha, nikaiweka kwenye veranda ya Mama Lakot, kuta zake zikiwa zimepakwa chokaa nyeupe, mwanga wa kawaida, hauegemei rangi yoyote, hauna upande.

Lakini kwanza ilibidi picha yenyewe ipigwe upya, na kwa picha hiyo nilisubiri asubuhi, jua likiwa bado chini, likipita kwa ubavu. Jua la ubavu huvuta mstari mwembamba wa mwanga kwenye ukingo wa kila petali. Nikachagua waridi moja tu, lile la karibu na bomba. Nikalitazama kwa jicho lililofumbwa nusu, kama nilivyofundishwa, maana ukifumba hivyo rangi hupungua na mwanga hubaki. Ukingo ulionekana. Nyuma yake uzio bado ulikuwa unang'ang'ania kuonekana.

"Nahitaji kitu cheusi nyuma, Mama. Kitambaa, shuka, chochote."

Aliingia ndani. Nilisikia sanduku likifunguliwa. Alirudi na koti la mvua la mumewe, lile zito la kazini, jeusi, limekunjwa vizuri kama la gwaride.

Nilisita kulipokea.

"Shika," akasema. "Yeye alipanda. Acha asimame nyuma yake."

Sajini Otim alikuwa akipita kwenda kazini. Akasimama. "Sasa maua yanavaa koti?"

"Sajini," akasema Mama Lakot bila kugeuka, "acha maneno. Ingia hapa, shika koti, inua juu. Na isiguse udongo, hiyo ni ya serikali."

Akaingia. Mwanamume mzima na bunduki begani, akainua koti nyuma ya waridi, huku askari wenzake wakipita na kumwuliza kama amepandishwa cheo. Mimi nikapiga. Mvua ilianza mchana ule ule, na jioni petali zilikuwa chini zote. Ukiniuliza usingizi niliupata vipi usiku huo, sikuupata. Kilichobaki cha waridi lile kilikuwa ndani ya kamera, na kilichobaki cha kanvasi kilikuwa kipande kimoja.

Safari hii nilianza na kijivu. Niliondoa rangi, nikaipanga picha kwa mwanga na giza peke yake: giza nyuma, mwanga kwenye kingo, giza tena katikati ya ua pale petali zinapojikunja. Nilipoona waridi linasimama bila msaada wa rangi, ndipo nikatoa amri ya brashi. Ikalainisha, kama kawaida yake. Sikuogopa. Nikairudisha kontrasti palepale ilipopotea, kwenye waridi tu, petali moja baada ya nyingine, na majani nikayaacha yapoe. Mwisho kabisa nikarudisha rangi. Majani niliyapunguza, nikayasogeza kidogo kuelekea buluu, mpaka yakawa kama watu waliokaa kimya wakisikiliza. Nyekundu sikuivuta mpaka mwisho. Niliiacha ikolee katikati, na pembeni nikaifanya nyepesi, ipate kupokea mwanga. Ajabu ni kwamba ilionekana nyekundu kuliko ile ya kwanza, ilhali niliipa rangi kidogo.

Kila badiliko nililichapa kwa Hajji kwenye vikato vyembamba vya pembeni, vile vya kutupwa, nikampelekea Mama Lakot. Alikaa mlangoni akavishika kimoja kimoja.

"Hii sioni."

"Na hii?"

"Hii kuna kitu, lakini imeingia ndani ya maji."

Nikarudi kwenye kompyuta. Nikashuka Kibuli tena. Hajji akawa ananiona natoka kwenye boda anatikisa kichwa kabla sijasema neno. Siku ya Alhamisi Mama Lakot alishika kikato kimoja akakaa nacho. Akakisogeza kushoto, kulia, akitafuta sehemu ya jicho lake iliyokuwa bado wazi.

"Hapa," akasema, "kuna kitu inafungua."

Nilikitia alama kikato kile.

Ijumaa, baada ya swala, Hajji alinyoosha kile kipande cha mwisho kwenye mashine. Mkono wake ulikaa juu ya kitufe. "Nikibonyeza, hakuna kuludi. Uko tayali?"

Nilitaka kusema ndiyo kwa ile sauti yangu ya kawaida. Badala yake nikasema, "Sijui, Hajji."

Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane. "Leo ndiyo naona umesoma," akasema. Akataja jina la Mungu, akabonyeza. Mashine ikaanza kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Katikati taa zilififia, kisha zikarudi, na mashine ikaendelea kama haikuona kitu.

Jumamosi lori lilifika mapema. Lakot alishuka, akamkumbatia mama yake, wakaanza kutoa vitu. Kulikuwa na wingu. Mama Lakot alisimama mlangoni mahali pake, akatazama uani kwa muda mrefu, asiseme kitu kuhusu bomba. Nilijua maana yake. Nilikuwa nimeshika kanvasi, upande wenye picha umenielekea mimi.

Sajini Otim, aliyekuja kusaidia kupakia, aliinyakua. "Ngoja mimi nimwonyeshe," akasema. Halafu akaninong'oneza, "Usimtese huyu mama, kijana. Atasema anaona ili akufurahishe." Akasimama mbele yake, akainua picha juu ya kifua. Ndipo nilipoona amefanya nini, nikafungua mdomo, akanikonyeza ninyamaze. Mzee wa polisi alitaka ushahidi.

"Mama Lakot," akasema kwa sauti kubwa, "unaona nini?"

Alisogea. Akasogea tena. Akainamisha kichwa upande ule aliokuwa akitafutia mwanga. Lakot akaweka chini beseni alilobeba.

"Naona Sajini," akasema Mama Lakot, "ameshika maua yangu kichwa chini."

Sajini aliigeuza picha polepole, akaiweka sawa. Mama Lakot akanyoosha kidole, akakipitisha juu ya kanvasi, akifuata ukingo wa petali, ule mstari mwembamba wa mwanga, bila kukosea kona hata moja, mpaka akarudi pale alipoanzia.

"Hii ni ile ya karibu na bomba," akasema. Kisha akaweka kiganja kizima kwenye giza lililokuwa nyuma. "Na hapa ni yeye."

Sajini Otim alimkabidhi Lakot picha. Akanigeukia mimi, kijana wa kamera inayokula majani, akapiga saluti, kisigino kwa kisigino, watu wote wa nyumba zile wakiona. Kabla hajashusha mkono aliniambia mkewe naye ana maua Kitgum, nitakwenda lini kuyapiga, na akanipa malipo ya kutangulia palepale ili nisiseme anatania.

Mama Lakot alipokuwa amekwisha kukaa mbele kwenye lori, aliniita dirishani. "Chumba umelipa," akasema. "Sasa lipa wengine kabla jua kuzama. Usikae na kitu ya mtu."

Nikafanya kama alivyosema. Nilimrudishia Baraka kompyuta yake, nimefungwa nayo vilevile kwa kitenge, na kwa zile fedha za Sajini nikamletea turubai jipya jeupe. Tulilipandisha pamoja. La chungwa lilipoanguka, vitenge vyote vikabadilika uso mara moja, na yeye akazunguka kibanda chake akivigusa kama mgeni. "Kumbe hii ndiyo nilikuwa nauzisha," akasema. Kisha nikateremka Kibuli. Kwenye duka moja la njiani lililopokea mzigo asubuhi ile nilibahatika kupata bunda la kanvasi, nikalibeba begani, nikalisimamisha mezani kwa Hajji, naye akaniuliza ni kazi ya nani. Nikamwambia ni ya kwake. Jioni ile nilirudi Naguru kulala sakafuni kwa rafiki, sina kompyuta, sina chumba, sina kanvasi, na hapakuwa na mtu Kampala nzima aliyenidai.

Basi mwanangu, nakuachia haya. Usianze na rangi. Anza na mwanga na giza, uiondoe rangi kabisa uone kama ua lako linasimama. Likipotea, kukoleza hakutaliokoa. Toka kwenye turubai lako, lolote liwalo, ukatazame kazi yako mahali penye mwanga usio na upande. Chagua ua moja liseme, mengine yasikilize. Ile amri ya brashi ikilainisha, rudisha nguvu pale tu panapohitaji, kwa mkono mwepesi. Na kabla hujabonyeza mara ya mwisho, jiulize ni nani atakayeitazama, na macho yake yanaweza nini. Hofu utakayoipata hapo usiikimbie. Mimi, na mafanikio yangu yote, bado naipata.

Mungu akupe macho ya kuona kilicho mbele yako, na mkono wa kukionyesha bila kujionyesha wewe. Kila aliyekuazima kitu akuone ukija kwake mchana, kifua wazi. Na popote utakapoamka, ukisimama mlangoni, bomba ulikute lipo.